Tuelezwe pia jinsi namba tasa kubwa inavyothibitishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo mimi, mwalimu wa Hisabati wa shule ya sekondari, naona linapita mbele ya wasomaji bila kupewa haki yake. Kila inapopatikana namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana, kama ilivyotokea Oktoba 2024 pale mradi wa kutafuta namba tasa kubwa uitwao GIMPS ulipotangaza kwamba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1, ni namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, habari inayotufikia huwa ni ya ukubwa tu: ina tarakimu ngapi, ingejaza vitabu vingapi, na aliyeipata ni nani. Swali ambalo mwanafunzi makini angeliuliza kwanza haligusiwi: mtu anajuaje kwamba namba ndefu kiasi hicho haigawanyiki? Hakuna aliyeijaribu kwa kila namba iliyo ndogo kuliko yenyewe, na hakuna mashine itakayoweza kufanya hivyo. Jibu lipo, sehemu yake kubwa inaeleweka bila shahada ya chuo kikuu, na kwa maoni yangu jibu hilo ndilo habari yenyewe.

Ili hoja yangu isielee, nitachukua namba moja tu na kuichunguza kwa karibu. Namba hiyo ni 2,147,483,647, yaani 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Ina tarakimu kumi, inaenea katika kikokotoo cha kawaida, na ndiyo iliyokuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani kuanzia mwaka 1772 hadi 1867.

Wasomaji wanakumbuka kutoka shule ya msingi kwamba namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Tukichukua 2 kwa kipeo fulani na kutoa 1, mara nyingine tunapata namba tasa: kipeo cha 2 kinatoa 3, cha 3 kinatoa 7, cha 5 kinatoa 31, na cha 7 kinatoa 127. Ni rahisi kuonyesha kwamba kipeo chenyewe lazima kiwe namba tasa, kwa sababu kipeo cha 15, kwa mfano, kinatoa 32,767, ambayo inagawanyika kwa 7 kwa kuwa 15 inagawanyika kwa 3, na kwa 31 kwa kuwa 15 inagawanyika kwa 5. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, na hiyo ni 23 mara 89. Hapo ndipo wengi walipoteleza, na wala hawakuwa watu wadogo.

Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1603, alithibitisha kwa kugawanya kwa mkono kwamba vipeo vya 17 na 19 vinatoa namba tasa. Hiyo ilikuwa kazi halali na ya kuheshimiwa. Kisha akaongeza, safari hii bila uthibitisho, kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Katika madai hayo manne, matatu yalianguka. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, alionyesha kwamba namba ya kipeo cha 23 inagawanyika kwa 47, na ya kipeo cha 37 inagawanyika kwa 223. Miaka karibu mia moja baadaye Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kwamba ile ya kipeo cha 29 inagawanyika kwa 233. Dai lililobaki limesimama lilikuwa la 31, na lilisimama kwa kuwa tu hakuna aliyekuwa ameliangusha, jambo ambalo katika hisabati halihesabiki kuwa ushahidi.

Naomba msomaji avitazame vigawo hivyo vitatu. Namba 47 ni 2 mara 23, ukiongeza 1. Namba 223 ni 6 mara 37, ukiongeza 1. Namba 233 ni 8 mara 29, ukiongeza 1. Kila kigawo kinabeba ndani yake kipeo cha namba ambayo kigawo hicho kinaigawa, na mfululizo huo haukutokea kwa bahati.

Sababu yake ni hii. Tuseme kuna namba tasa, tuiite q, inayoigawa namba yetu ya kipeo cha 31 bila baki. Tuchukue mfululizo wa 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, na kila mara tuandike baki linalopatikana tukigawanya kwa q. Mabaki hayo hayawezi kuwa mapya siku zote, kwa kuwa kila moja ni dogo kuliko q. Baada ya hatua kadhaa yanarudi kwenye 1 na kuanza upya, kama mshale wa saa unavyorudi palepale ulipoanzia. Kwa kuwa q inaigawa namba yetu, baada ya hatua 31 baki linakuwa 1. Maana yake mzunguko mmoja una urefu unaoigawa 31. Na kwa kuwa 31 ni namba tasa na mzunguko hauwezi kuwa wa hatua moja, basi una hatua 31 kamili. Fermat naye alitueleza kwamba, kwa kila namba tasa q iliyo witiri, mabaki haya huwa yamerudi kwenye 1 baada ya hatua zilizo pungufu ya q kwa moja. Mzunguko wa hatua 31 lazima uenee ndani ya hatua hizo bila kubakiza, kwa hiyo q ukitoa 1 inagawanyika kwa 31. Tena q ni witiri, hivyo ukiitoa 1 unapata namba shufwa, na kwa sababu hiyo inagawanyika kwa 62.

Kwa aya hiyo moja tumeshaondoa 3, 7, 11, 13, 17 na maelfu ya namba nyingine bila kugawanya hata mara moja. Hiki ndicho ninachotamani vijana wetu wakione wakiwa bado wadogo, kabla hawajaaminishwa kwamba hisabati ni kukariri kanuni na kukimbizana na muda wa mtihani.

Ipo sharti ya pili. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 31 ikigawanywa kwa q inabakiza 1, basi 2 kwa kipeo cha 32 inabakiza 2. Lakini 2 kwa kipeo cha 32 ni mraba wa 65,536. Kwa maneno mengine, upo mraba ambao ukigawanywa kwa q unabakiza 2, na jambo hilo linawezekana tu kwa namba tasa witiri ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Uthibitisho wa kauli hiyo ya mwisho ni mrefu kuliko nafasi ya barua, lakini msomaji anaweza kuipima kwa namba ndogo: mraba wa 3 ni 9, ambayo ikigawanywa kwa 7 inabakiza 2, ilhali hakuna mraba wowote unaobakiza 2 ukigawanywa kwa 5. Tukiunganisha masharti haya mawili, tunapata kwamba kigawo tasa cha namba yetu, kama kipo, kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Hayo ndiyo aliyoyaeleza Euler katika barua yake ya mwaka 1772 kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli, iliyochapishwa Berlin, wakati yeye mwenyewe akiishi Saint Petersburg, akiwa amebakiwa na uwezo mdogo sana wa kuona.

Tupime sasa ukubwa wa kazi iliyosalia. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na sehemu. Asiyejua masharti ya Fermat na Euler angelazimika kugawanya kwa namba tasa zote zisizozidi hapo, ambazo ni 4,792. Anayeyajua anabaki na namba 373 zenye umbo linalotakiwa, na nyingi kati ya hizo zinajitoa zenyewe kwa kuwa si tasa: 249 inagawanyika kwa 3, 497 inagawanyika kwa 7, 559 inagawanyika kwa 13. Namba tasa zinazobaki za kujaribiwa hazifiki mia. Kazi ya miezi imekuwa kazi ya siku chache, nayo imepunguzwa kwa kufikiri peke yake, kwa kuwa mashine ya kusaidia haikuwapo.

Kigawo cha kwanza cha kweli cha kujaribiwa ni 311, na hata hapo hatuna haja ya kuigawanya ile namba ya tarakimu kumi. Tunaanza na 2 kwa kipeo cha 8, ambayo ni 256. Mraba wake ni 65,536, ambao ukigawanywa kwa 311 unabakiza 226. Mraba wa 226 ni 51,076, ambao ukigawanywa kwa 311 unabakiza 72. Tumeshafika kipeo cha 32. Tunarudi nyuma hatua moja kwa kugawa 72 kwa 2, tunapata 36, ambalo ndilo baki la 2 kwa kipeo cha 31. Tunatoa 1, linabaki 35. Kwa kuwa baki si sifuri, 311 haiigawi namba yetu. Anayetaka uhakika zaidi azidishe 311 kwa 6,905,092 na kuongeza 35, atapata 2,147,483,647 kamili. Euler aliupita mlolongo huo wa vigawo hadi mwisho, hakuna hata kimoja kilichogawa bila baki, na tangu siku hiyo namba hii ikawa tasa kwa ushahidi.

Mwaka 1811 mwanahisabati wa Uingereza, Peter Barlow, aliandika kwamba namba timilifu inayotokana na namba hii, yaani 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, pengine ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba za aina hiyo ni za kustaajabisha tu na hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta kubwa zaidi. Namtaja kwa sababu maneno yake bado yapo midomoni mwa watu. Wazazi huniuliza, na wakati mwingine walimu wenzangu pia, namba tasa kubwa zina faida gani. Nina jibu linaloihusu namba hiihii.

Kompyuta mara nyingi huhitaji namba zinazoonekana kana kwamba zimeokotwa kwa bahati, kwa ajili ya kuiga mwenendo wa foleni, wa magonjwa, au wa hali ya hewa. Mwanahisabati wa Marekani D. H. Lehmer alipendekeza njia rahisi: chukua namba ya kuanzia, izidishe kwa namba maalumu, gawanya kwa namba tasa, weka baki, kisha rudia. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza, kama kiwango cha chini ambacho programu yoyote inapaswa kukifikia, kuzidisha kwa 16,807 na kugawanya kwa 2,147,483,647. Tukianza na 1 tunapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, halafu 984,943,658, na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba mfululizo huu unapitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ulipoanzia. Sifa hiyo inategemea moja kwa moja utasa wa namba yetu. Ingekuwa na kigawo hata kimoja cha siri, mzunguko usingeweza kupitia namba zote. Na 16,807 haikuchaguliwa ovyo: ni 7 kwa kipeo cha 5, na 7 ndiyo namba ndogo kuliko zote ambayo vipeo vyake vinapitia mabaki yote. Kipeo cha 5 hakiharibu sifa hiyo kwa sababu 5 haimo katika vigawo tasa vya 2,147,483,646, ambavyo ni 2, 3 (inayojirudia mara mbili), 7, 11, 31, 151 na 331. Msomaji ataona kwamba 31 imo, kama ile hoja ya Fermat inavyodai.

Hata hivyo ni lazima niwe mwadilifu na nitenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Namba hii inajulikana pia kwa mafundi wa kompyuta kama kikomo. Ikiandikwa katika mfumo wa jozi, unaotumia 0 na 1 tu, inakuwa tarakimu 1 iliyorudiwa mara thelathini na moja mfululizo, na hicho ndicho kiwango cha juu kinachoweza kuhifadhiwa katika nafasi 32 iwapo nafasi moja imewekwa kwa ajili ya alama ya kujumlisha au kutoa. Mifumo ya zamani inayohesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 itafika kikomo hicho Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki, na mifumo isiyorekebishwa itahesabu vibaya baada ya hapo. Tatizo hilo ni la kweli, lakini halihusiani kabisa na utasa. Lingekuwapo vilevile kama Cataldi angekuwa amekosea mara nne badala ya tatu. Mwandishi anayeandika kuhusu namba hii anapaswa kujua ni sifa ipi inatokana na umbo lake na ipi inatokana na kutogawanyika kwake, vinginevyo atamfundisha msomaji kustaajabu pasipo kuelewa.

Sasa nirudi kwenye namba za mamilioni ya tarakimu. Njia ya Euler haifai huko, maana hata baada ya kuchuja, vigawo vya kujaribiwa vingekuwa vingi kupita kiasi. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alipata njia isiyogusa vigawo kabisa, na Lehmer huyohuyo niliyemtaja akaisafisha baadaye. Anza na 4. Chukua mraba wake, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, weka baki. Rudia hatua hiyo mara zilizo pungufu ya kipeo kwa mbili. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa. Tuipime 31, ambayo kipeo chake ni 5, hivyo hatua ni tatu: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, ambayo inabakiza 8, 8 inatoa 62, ambayo inabakiza sifuri. Kwa 2,047 hatua ni tisa, na baki la mwisho ni 1,736, kwa hiyo si tasa, na tumelijua hilo bila kuona 23 wala 89. Kwa 2,147,483,647 hatua ni 29 tu. Lucas mwenyewe aliithibitisha kwa mkono namba ya kipeo cha 127, yenye tarakimu 39.

Kwamba mtu anaweza kujua namba inagawanyika bila kukijua kigawo chake ni jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kuliko ukubwa wowote, nami sichoki kulieleza. Mtawa Marin Mersenne alikuwa ameandika mwaka 1644 kwamba kipeo cha 67 kinatoa namba tasa. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba sivyo, lakini hakuweza kutaja kigawo hata kimoja. Ilikuwa Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, ndipo Frank Nelson Cole alipoonyesha kwamba namba hiyo ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kwa miaka 27 dunia ilijua kwa uhakika kwamba vigawo vipo, bila kujua ni vipi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Habari ya namba tasa mpya itakapofika tena mezani kwenu, na itafika, mwandishi aongeze aya moja inayoeleza ni kipimo gani kilitumika na matokeo yake yalihakikiwaje kwa mashine nyingine. Na kama itawezekana, gazeti litenge kona ndogo kila wiki kwa hoja moja ya hisabati iliyoelezwa kwa Kiswahili hadi mwisho, pamoja na uthibitisho wake. Walimu wa kuiandika wapo, nami nipo tayari kuwa mmoja wao bila malipo.

Kwa msomaji anayetaka kuanza leo, namba tasa inayofuata baada ya 311 katika orodha ya Euler ni 1,303. Anza na 65,536, tafuta baki lake, chukua mraba wa baki hilo, tafuta baki tena, gawa kwa 2, kisha toa 1. Ukifanya sawasawa utapata 226.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro